Jinsi ya Kununua Cherehani Ndogo ya Zamani kwa Kushonea Kwilti: Mwongozo Kamili wa Ukaguzi Kabla ya Kulipa

Malalamiko ni yaleyale. Mtu ameona picha ya cherehani nyeusi inayong'aa, maua yake ya dhahabu hayajafutika, hata sanduku lake la kubebea lipo. Akalipa. Mzigo ukafika: kikasha cha bobini (kishikio cha kijigurudumu chenye uzi wa chini) hakipo, au gurudumu halizunguki, au mota ni ya volti 110 na umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Rangi ndiyo iliyomshawishi, na rangi haishoni.

Mwongozo huu umejikita zaidi kwenye Singer 221, ile inayojulikana kama Featherweight, kwa kuwa ndiyo washona kwilti, yaani blanketi za viraka, wengi wanayoitafuta. Hata hivyo, ukaguzi mwingi uliomo humu unafaa kwa cherehani yoyote ndogo ya zamani. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya umeme ukakimbilia kushona, unaweza kuunguza mota ambayo hata hujainunua.

## Vitu vya kwenda navyo

- Sindano mpya mbili au tatu za cherehani ya nyumbani, saizi 80/12. Featherweight hutumia sindano za kawaida zenye upande mmoja bapa, zinazouzwa kwa jina la 15x1 au 130/705H.
- Uzi wa pamba wa rangi mbili tofauti, mmoja wa juu na mwingine wa bobini.
- Bobini ya modeli unayokwenda kuiona.
- Vitambaa vya pamba visivyovutika, pamoja na vipande vitatu vilivyokatwa kwa upana wa inchi 1½ kamili na urefu wa inchi 6 hivi.
- Kipande kidogo cha kwilti chenye tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba ya kati, kitambaa cha chini.
- Rula yenye inchi, tochi, sumaku ndogo, bisibisi ndogo bapa na kitambaa cha kufutia.

Sindano usiiache nyumbani. Cherehani nyingi zinazodaiwa kuruka mishono zina sindano iliyopinda, butu, au iliyowekwa kinyume. Ukiwa na mpya mfukoni unajua mara moja kama tatizo ni sindano au ni mashine.

## Hatua ya 1: Amua kazi kabla ya kuamua mashine

Kushona kwilti ni kazi mbili. Kwanza unaunganisha viraka hadi upate uso wa juu. Kisha unapitisha mishono kwenye tabaka zote tatu ili zishikane. Cherehani ndogo ya zamani ni bingwa wa kazi ya kwanza. Ya pili inaifanya kwa mipaka.

Mpaka wenyewe ni nafasi kati ya sindano na nguzo ya kulia. Kwenye Featherweight nafasi hiyo ni sentimita 13 hadi 14 hivi. Kwilti ya mtoto au ya mezani ukiikunja itapita. Ya kitanda kikubwa utaisukuma na kuivuta hadi mabega yaume, na mishono itaonyesha kwamba ulikuwa unapigana.

Jambo jingine: 221 inashona mshono wa moja kwa moja tu, haina zigizagi, na meno yake ya kusukuma kitambaa hayashuki. Kwa viraka hilo si kasoro. Mashine inayofanya kazi moja ina sehemu chache za kuharibika, na tundu la sindano ni dogo kiasi kwamba kitambaa hakimezwi kirahisi ukianzia kwenye ncha ya pembetatu. Kama unataka kuchora kwa sindano ukizungusha kitambaa kwa mikono, tafuta Singer 222K, ambayo meno yake yanashuka na mkono wake wa mbele ni mwembamba, unaweza kuvisha mkono wa nguo. Ni adimu kuliko 221 na wauzaji wanalijua hilo.

Kuna nyingine tatu za kufikiria. Singer 301 nayo ni ya alumini, nzito kidogo kwa kilo 7 hivi, lakini ina nafasi pana zaidi kulia kwa sindano, ina mpini juu na inaendeshwa kwa gia, haina mkanda wa kukatika. Sindano yake imelala kidogo, kwa hiyo miguu ya 221, ile inayokandamiza kitambaa, haiingii humo. Singer 99 ni ndogo kwa umbo, ila ni ya chuma cha kusubu. Ukiibeba ngazi mbili utaacha kuiita ndogo. Elna ya kwanza, ile ya kijani ya Uswisi, inaendeshwa kwa goti na sanduku lake la bati hufunguka likawa meza. Mota yake hugusa gurudumu kupitia kigurudumu kidogo cha mpira, na kigurudumu hicho kikikaa miaka mingi bila kuzunguka hubonyea upande mmoja. Ukisikia inadunda kwa mdundo mmoja inaposhona, chanzo ni hapo.

Binafsi, kwa mtu ambaye atakuwa na cherehani moja tu, ningempa 301. Mwenye cherehani kubwa tayari, anayetaka ya kubeba kwenda darasani, achukue 221.

## Hatua ya 2: Hakikisha ndiyo yenyewe

Neno Featherweight limetumika tena kwenye mashine za plastiki za miaka ya karibuni, kwa hiyo jina kwenye tangazo halitoshi. Singer 221 halisi ina dalili hizi:

- Uzito wa kilo 5 hivi bila sanduku.
- Bawa la kukunja upande wa kushoto, linaloshuka na kulala sawa na meza ya cherehani.
- Mwili wa alumini. Weka sumaku kwenye mkono wake wa juu: haishiki. Kwenye Singer 99 itang'ang'ania.
- Namba ya utambulisho iliyogongwa chini ya kitako, ikianza kwa herufi.

Herufi inasema ilikotengenezwa: namba zinazoanza na A ni za kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, Marekani, E ni za Kilbowie, Clydebank, Scotland, J ni za Kanada. Mfululizo wa AD ulianza mwaka 1933. Namba zilipangwa kwa mafungu, hivyo inakupa mwaka fungu lilipotolewa, wala si siku mashine ilipotoka kiwandani.

Jihadhari na beji. Mashine nyingi za 1951 zina beji yenye ukingo wa buluu ya miaka mia ya Singer, na zipo za maonyesho kama ya Chicago ya 1934. Beji inang'oka na kubandikwa kwingine, na maua mapya ya dhahabu yanauzwa na kubandikwa juu ya rangi mpya. Ukiombwa pesa ya ziada kwa sababu ya beji, linganisha mwaka wa beji na namba iliyo chini ya kitako. Kama unanunua ya kushonea, beji isikuongezee hata senti.

## Hatua ya 3: Dai picha hizi, hata kama utaenda kuiona

Muuzaji anayepiga picha ya mbele peke yake huenda hajui kingine cha kupiga, au anajua sana. Omba:

1. Upande wa kushoto, bawa likiwa limefunguliwa na kikasha cha bobini kimetolewa, kimewekwa pembeni.
2. Chini ya kitako, trei ya mafuta ikiwa imetolewa. Inashikiliwa na nati moja katikati, huzungushwa kwa vidole.
3. Kibao cha maandishi ya mota, kwa karibu, volti zisomeke.
4. Waya wote kuanzia plagi hadi pedali.
5. Bati la sindano, lile lenye tundu sindano inamoshukia, kutoka juu, mguu ukiwa umeinuliwa.

Halafu omba video ya sekunde chache akizungusha gurudumu kwa mkono. Anayekataa vyote hivi anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limefungwa.

## Hatua ya 4: Umeme, kabla ya plagi kuingia ukutani

Soma kibao cha mota. Zilizouzwa Marekani na Kanada kwa kawaida ni za volti 110 hadi 120. Za Uingereza na kwingine ni za volti 200 kwenda juu. Usikisie kwa kutazama herufi ya namba, kwa sababu mashine zilizotengenezwa Scotland ziliuzwa Marekani pia, zikiwa na mota za huko.

Mota hizi hazijali kama umeme ni wa hezi 50 au 60. Zinajali volti. Mota ya volti 110 kwenye ukuta wa volti 230 itaunguruma kama imepagawa kisha itoe moshi. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, inayobeba wati zaidi ya zinazotumiwa na mota na taa kwa pamoja. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti; wengi wameunguza mota wakidhani inabadilisha. Kumbuka pia kwamba balbu ya taa nayo ina volti zake.

Sasa kunja waya taratibu kwa vidole, hasa unapoingia kwenye plagi, kwenye pedali na kwenye mota. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ukiona nyufa au shaba inachungulia, usichomeke. Hilo halimaanishi uiache mashine, maana fundi hubadilisha waya. Ila majaribio ya kushona utayafanya kwa mkono, na gharama ya waya uitoe kwenye bei.

Waya ukiwa mzima, chomeka na usikanyage pedali kwa dakika mbili tatu. Gusa pedali, gusa mota. Zinapaswa kubaki baridi. Pedali inayopata joto bila kukanyagwa, au mashine inayojiendesha yenyewe, chomoa mara moja.

## Hatua ya 5: Zungusha kwa mkono

Inua mguu, ondoa uzi wote, kisha zungusha gurudumu kuja upande wako. Daima kuja upande wako. Ukirudisha nyuma uzi unaweza kunaswa ndani.

Mzunguko mzuri ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ugumu uleule wakati wote unaashiria mafuta yaliyoganda, jambo la kawaida kwa mashine iliyofungiwa kabatini miaka mingi, na linatibika. Ugumu unaokuja mahali palepale kila mzunguko ni jambo jingine: jino la gia limeumia, mhimili umepinda, au kuna kitu kimekwama. Gurudumu ambalo halisogei kabisa huenda limefungwa na nyuzi zilizojiviringisha nyuma ya ndoano (sehemu inayozunguka bobini na kukamata uzi wa juu), kazi ya nusu saa kwa fundi, au huenda ni kutu ya ndani. Kwa macho huwezi kutofautisha. Lipia kama mashine mbovu au iache.

Shika gurudumu uliyumbishe kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana unavumilika. Likigonga, shaka.

Kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole. Unapaswa kubonyea kidogo. Uliokazwa kama uzi wa gitaa unaielemea mota. Uliopasuka usikutishe, ni kitu cha kubadilisha.

## Hatua ya 6: Eneo la ndoano na bobini

Kama una dakika kumi tu za kukagua, zitumie zote hapa.

Toa kikasha cha bobini. Je, kipo? Ni cha modeli hii? Bobini za 221, 222K na 301 ni za aina moja, na ni nyembamba na ndogo kuliko bobini nyingi za leo. Bobini ya Singer 99 haifai humu. Kikasha kilichopotea kinaweza kununuliwa kipya, lakini ndicho kipuri ambacho wauza vipuri hukitoza bei inayouma, kwa hiyo mashine isiyo nacho isiuzwe kwa bei ya mashine kamili.

Angalia kikasha chenyewe kwenye mwanga. Kichwa cha skrubu ndogo kisiwe kimechakazwa na bisibisi. Ukingo usiwe na mikwaruzo inayokamata ukucha. Weka bobini yenye uzi ndani, kisha ukining'inize kwa uzi wake. Kinapaswa kubaki kikining'inia, na kushuka kidogo ukitikisa mkono. Kikiporomoka chote, mkazo umelegea. Kisiposhuka hata ukitikisa, umezidi. Vyote viwili hurekebishwa kwa skrubu.

Sasa jambo linalowaangusha watu wengi kuliko yote. Kwenye kitako cha ndani kinachopokea kikasha kuna kidole kidogo cha chuma kinachochomoza juu. Kidole hicho lazima kikae ndani ya pengo lililokatwa upande wa chini wa bati la sindano. Mtu akifungua bati kusafisha na kulirudisha bila kuangalia, kidole hubaki nje ya pengo, na kitako huzunguka pamoja na ndoano. Matokeo yake ni sindano kuvunjika, uzi kusokotana, na muuzaji kuapa kwamba juzi ilikuwa inashona. Alikuwa mkweli, hajui alichokifanya. Mulika kwa tochi uhakikishe. Ukikuta kidole kiko nje na hakuna kilichovunjika, umepata mashine nzuri kwa bei ya mbovu.

Malizia kwa kutazama alama za sindano kwenye bati. Mikwaruzo miwili mitatu si kitu. Tundu lililolika upande mmoja litakata uzi. Meno ya kusukuma yawe na ncha kali unapoyapapasa, yasiwe yamesagika.

## Hatua ya 7: Shona

Weka sindano yako mpya. Kwenye 221 upande bapa unatazama kushoto, na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Cherehani nyingi za leo upande bapa unakaa nyuma, ndiyo maana wageni wa mashine hii huikosea. Sindano ikiwekwa kinyume, mshono hautashika hata ungekuwa na mashine iliyotoka kiwandani leo asubuhi.

Pima mkazo wa juu: mguu ukiwa chini, uzi uvutike kwa ubishi, mguu ukiwa juu, uteleze huru. Usipoona tofauti, visahani vya mkazo vimejaa uchafu au vilipangwa vibaya.

Shona mstari mrefu kwenye tabaka mbili za pamba. Namba kwenye kipimo cha urefu wa mshono zinahesabu mishono kwa inchi, kutoka 6 hadi 30, kwa hiyo namba kubwa ni mshono mfupi. Anza na 12. Anza polepole, ongeza kasi, punguza. Kisha inua kipini cha urefu wa mshono hadi juu kabisa ili mashine ishone kurudi nyuma kidogo.

Mshono mzuri una uzi wa juu unaoonekana juu tu na wa chini unaoonekana chini tu. Ndiyo maana ulibeba rangi mbili. Sauti ni ya kugongagonga kwa utulivu, si kelele ya chuma kukwaruzana. Harufu ya mafuta yaliyopata joto ni ya kawaida. Cheche ndogo ndani ya mota kwenye kaboni zake ni za kawaida pia. Harufu kali ya kuungua, moshi, au cheche kubwa zisizokoma si za kawaida.

Muulize muuzaji kwa upole: mota aliipaka nini? Mota ya 221 ina vijimirija vya grisi, na inataka grisi maalumu ya mota. Akijibu kwa fahari kwamba alimwaga mafuta kila tundu aliloliona, weka akilini kwamba mota itahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

## Hatua ya 8: Jaribio la robo inchi

Hapa ndipo cherehani ya kwilti inapotofautiana na ya kupunguza suruali. Viraka huunganishwa kwa mshono wa robo inchi, na kosa hujilimbikiza. Mshono uliozidi milimita 1 unakula milimita 2, moja kila upande. Safu ya viraka 20 ina mishono 19. Mwisho wake umepoteza karibu sentimita 4.

Unganisha vile vipande vitatu vya inchi 1½ kwa mshono wa robo inchi, vilaze vizuri na upime. Upana wote uwe inchi 3½, na kipande cha kati kionekane inchi 1 kamili.

Upana ukikosea lakini ukawa uleule juu, katikati na chini, mashine haina kosa. Ni suala la mahali unapolengea ukingo, na kipande cha kubandika cha kuongozea ukingo kitalimaliza. Upana ukibadilika kutoka mwanzo hadi mwisho ilhali ulishika kitambaa vizuri, meno yanasukuma upande, au mguu umepinda. Badilisha mguu ujaribu tena kabla ya kuilaumu mashine.

Mwisho pitisha kile kipande cha tabaka tatu, kwa mshono mrefu wa 8 hivi. Usitarajie maajabu. Tabaka la juu kusogea mbele kidogo ni kawaida kwa mguu wa kawaida, na mguu wenye meno yake wa kuvuta kitambaa cha juu husaidia. Unachotafuta ni kwamba sindano inapenya bila mota kunung'unika.

## Hatua ya 9: Panga bei kwa kasoro

Visivyostahili kukupandisha presha ni mkanda, balbu, miguu minne ya mpira chini ya kitako, sindano na rangi iliyobanduka. Vyote hupatikana. Vya kupunguzia bei kwa nguvu ni kikasha cha bobini, waya, pedali na mota iliyolowa mafuta. Vya kukufanya uage na kuondoka ni bawa lililovunjika kwenye bawaba, ufa kwenye mwili wa alumini, kutu kwenye ndoano, na ugumu wa mahali pamoja uliokuta kwenye hatua ya 5.

Sanduku huwa na harufu ya uvundo inayoganda kwenye vitambaa. Lifungue ulinuse. Halafu kagua mpini wake: ngozi na riveti za zamani hukatika bila kuaga, na cherehani ikianguka kutoka urefu wa kiuno, ukaguzi wote huu umekwenda bure.

## Hatua ya 10: Kama inasafirishwa

Mashine nyingi hufia njiani, na muuaji mara nyingi ni pedali iliyoachwa huru ndani ya sanduku, ikagonga mwili kila gari lilipoingia shimoni. Mwandikie muuzaji maagizo haya na usilipe kabla hajakubali:

Pedali na waya vifungwe peke yake na visafiri nje ya sanduku la cherehani. Mashine iviringishwe sifongo nene, hasa kigingi cha uzi na gurudumu. Nafasi zote ndani ya sanduku zijazwe hadi ukilitikisa usisikie kitu. Sanduku hilo liingie ndani ya katoni kubwa zaidi, na pande zote sita kuwe na sentimita 5 au zaidi za kujaza. Kikasha cha bobini kitiwe kwenye mfuko wake na kufungwa pamoja na pedali.

## Hatua ya 11: Siku ya kwanza nyumbani

Usikimbilie pedali. Futa vumbi, toa nyuzi zote kwenye ndoano, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani, yale meupe, kwenye kila sehemu inayosugua isipokuwa mota na gia. Gia zinataka grisi. Mafuta ya kupikia huganda yakawa gundi, hayafai hata kwa dharura. Zungusha kwa mkono, iache ilale usiku, futa yaliyotoka, rudia.

Mwili usafishe kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta hayohayo ya cherehani. Spiriti huyeyusha vanishi iliyofunika yale maua ya dhahabu, na sabuni zenye amonia huyafanya yageuke fedha. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya nguzo, halafu ndiyo uje mbele.